Uliza Ujibiwe: Fomu ya Word Isiyovurugika Mkononi mwa Mjazaji

Maswali ya toleo hili yote yanahusu fomu zinazotengenezwa kwa Word ili mtu azijaze kwenye kompyuta. Majibu yanafuata Word ya Windows kuanzia toleo la 2010. Majina ya vitufe tumeyaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini, maana ndivyo utakavyoyakuta.

Chama chetu cha akiba na mikopo kina fomu ya uanachama ya zamani: "Jina: ............". Wanachama wakiijaza kwenye kompyuta nukta zinasukumwa mbele, mistari inakatika, na ukurasa mmoja unakuwa miwili. Tumeambiwa tubonyeze kitufe cha Insert. Je, ndiyo dawa? — Katibu wa SACCO, Masaka

Hapana, ndugu katibu. Nukta zile ziliwekwa kwa ajili ya kalamu. Kwa kompyuta ni herufi kama herufi nyingine, na mwanachama akiandika jina lake anaongeza herufi juu ya herufi, mstari ukafurika. Kitufe cha Insert, kikiwa kimeruhusiwa kwenye mipangilio ya Word, kinafanya maandishi mapya yafute yaliyopo, na asiyekizima atakula hata neno "Tarehe" lililo mbele yake. Ondoeni nukta zote na muijenge fomu upya juu ya jedwali.

Kwanza hakikisheni karatasi ni A4, kwa sababu kompyuta nyingi huja zikiwa zimepangiwa Letter, karatasi ya Kimarekani iliyo fupi na pana kidogo. Pambizo za sentimita 2 kila upande zinawaachia upana wa sentimita 17. Chora jedwali la safu mbili: ya kushoto sentimita 5 kwa maneno kama "Jina kamili", ya kulia sentimita 12 kwa kujazia. Ondoa mistari yote ya jedwali isipokuwa ule wa chini wa kila kisanduku cha kulia. Huo ndio utakaochukua nafasi ya nukta, na hausogei hata mtu akiandika majina manne. Kisha bofya jedwali kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua "Table Properties", na kwenye "Options" uondoe tiki ya "Automatically resize to fit contents". Tiki hiyo ikibaki, jina refu litatanua safu ya kulia na kuiminya ya kushoto. Urefu wa mstari uwe sentimita 0.8, na mchague "At least". Mkichagua "Exactly", anwani ya mistari miwili itakatwa na nusu yake haitaonekana wala kuchapika.

Sasa sehemu zenyewe za kujazia. Kichupo cha "Developer" huwa kimefichwa. Nenda "File", "Options", "Customize Ribbon", uweke tiki kwenye "Developer" upande wa kulia. Ukikifungua utaona vitufe vidogo: "Aa" mbili za maandishi, picha, orodha, kalenda na kisanduku cha tiki. Weka mshale ndani ya kisanduku cha jedwali, bofya "Plain Text Content Control", na sehemu imeingia. Bofya "Properties" uipe jina, halafu weka tiki kwenye "Content control cannot be deleted". Hiyo msiisahau. Bila hiyo, mtu anayefuta alichokosea anaweza kuondoka na sehemu nzima.

Maneno ya Kiingereza yanayokuja na sehemu hiyo, "Click or tap here to enter text", yabadilisheni. Bofya "Design Mode", yafute, andika mnachotaka mwanachama afanye: "Andika majina yote kama yalivyo kwenye kitambulisho". Hapo ndipo fomu inapoongea na mjazaji, kwa hiyo maelezo ya kila sehemu yaandikwe ndani yake badala ya kurundikwa aya nzima juu ya ukurasa. Maneno hayo hupotea yenyewe mtu akianza kuandika.

Mwisho ni kufunga. "Developer", kisha "Restrict Editing". Weka tiki kwenye "Allow only this type of editing in the document", chagua "Filling in forms", bofya "Yes, Start Enforcing Protection" na uweke neno la siri. Sasa mjazaji anaruka kutoka sehemu hadi sehemu kwa kitufe cha Tab na hawezi kugusa masharti ya chama. Hifadhini faili kama "Word Template", yaani .dotx. Anayeibofya mara mbili anapata nakala mpya, na fomu mama inabaki tupu. Fomu iliyohifadhiwa kama .docx ya kawaida haikawii kuzunguka ofisini ikiwa na jina la mwanachama wa kwanza.

Tunayemtumia kwa barua pepe anasema fomu haijazwi kabisa, ingawa kwetu inajazwa. — Msomaji, Tororo

Mwambie aangalie juu ya ukurasa. Faili lililotoka kwenye intaneti hufunguka kwa kusomwa tu, na kuna utepe wa njano wenye kitufe cha "Enable Editing". Akikibofya, sehemu zote zitafunguka. Andika hivyo kwenye barua pepe yenyewe, maana ndani ya fomu atayasoma akiwa tayari amekwama.

Kwenye fomu yetu, namba ya simu inayoanza na 07 ikishaandikwa inabaki 7 peke yake mbele. Sifuri inakwenda wapi? Pia watu wanaandika NIN (namba ya kitambulisho cha taifa) pungufu. — Wakala wa huduma za pesa kwa simu, Arua

Sifuri imeliwa na aina ya sehemu mliyochagua. Bila shaka mlitumia zile sehemu za zamani, zilizo chini ya kitufe cha "Legacy Tools" chenye picha ya sanduku la fundi, mkaweka "Type" iwe "Number" kwa sababu simu ni "namba". Word ikiambiwa hii ni namba inaipanga kihesabu, na kihesabu sifuri ya mbele haina thamani. Kipimo chetu ni hiki: tumia "Number" kwa kitu unachoweza kukijumlisha, kama bei, idadi au kilo. Hakuna anayejumlisha namba za simu. Bofya sehemu mara mbili, rudisha "Type" kuwa "Regular text", na kwenye "Maximum length" andika 10. Kama mnawaruhusu kuanza na +256, andika 13, kwa kuwa alama ya kujumlisha nayo inahesabiwa.

Kwa NIN, urefu ni 14, na ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Ya raia huanza na CM kwa mwanamume na CF kwa mwanamke. Weka "Regular text", "Maximum length" 14, na kwenye "Text format" chagua "Uppercase", ili aliyeandika cm aone CM mara anapotoka kwenye sehemu hiyo. Lakini ujue mpaka wake: Word itamzuia anayezidisha, haitamzuia anayepunguza, wala haitajua kama O ni herufi au sifuri. Bofya "Add Help Text" kwenye dirisha lilelile, uandike "Herufi na tarakimu 14, kama zilivyo kwenye kitambulisho". Maneno hayo yataonekana chini ya skrini mjazaji anapofika hapo. TIN, yaani namba ya mlipakodi, nayo ni "Regular text", urefu 10.

Mtauliza kwa nini kutumia sehemu za zamani wakati mpya zipo. Zile mpya tulizompa katibu wa Masaka ni nzuri kwa maandishi, picha na kalenda, ila hazina kikomo cha urefu na hazipigi hesabu. Za zamani zina vyote viwili, lakini hazifanyi kazi mpaka fomu ifungwe. Tunashauri uchague aina moja kwa fomu nzima. Zikichanganywa zinajazika, lakini ukirudi kuirekebisha baada ya miezi sita hutakumbuka ipi inafuata kanuni ipi.

Natengeneza fomu ya kuandikisha wanafunzi. Orodha ya wilaya inagoma nikifika ya 25. — Mwalimu, Lira

Mwalimu, umegonga ukuta wa sehemu ya zamani: orodha yake haibebi zaidi ya vitu 25, na Uganda ina wilaya zaidi ya 130. Orodha mpya, "Drop-Down List Content Control", inabeba nyingi. Hata hivyo usijaze wilaya zote humo. Mzazi mwenye kipanya kibovu hatatembea kutoka Abim hadi Zombo bila kuchoka. Tumia "Combo Box": weka wilaya kumi zinazowaletea wanafunzi kila mwaka, na anayetoka kwingine anaandika mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti ya hizo mbili. Orodha ya kawaida inamfunga mtu kwenye ulichoandika, "Combo Box" inamwachia nafasi.

Na usitarajie akichagua wilaya Word imletee kaunti ndogo zake, parishi na vijiji. Orodha moja haiwezi kuamrisha nyingine bila programu ndogo ya makro, na makro huzuiwa kwenye kompyuta nyingi. Kaunti ndogo, parishi na kijiji ziwe sehemu za maandishi tu.

Kwa tarehe ya kuzaliwa, kwenye "Properties" ya kalenda andika mpangilio dd/MM/yyyy. MM ziwe kubwa. Ndogo maana yake ni dakika.

Fomu yangu ya oda inaweza kujipigia hesabu? Wateja wanakosea jumla, kisha tunagombana dukani. — Muuza vifaa vya ujenzi, Jinja

Inaweza, na sehemu za zamani ndizo zinazofanya kazi hii. Chora jedwali la safu nne: bidhaa, bei, idadi, jumla. Kwenye mstari wa kwanza weka sehemu tatu za maandishi za "Legacy". Ya bei iwe "Number", kwenye "Bookmark" uiite bei1. Ya idadi iwe "Number", uiite idadi1. Zote mbili ziwe na 0 kwenye "Default number", na ziwekewe tiki ya "Calculate on exit". Ya tatu iwe "Calculation", iitwe jumla1, na kwenye "Expression" uandike =bei1*idadi1. Mpangilio wa namba uwe #,##0, kwani shilingi yetu haihitaji senti. Mteja akiandika 38000, kisha 12, akibonyeza Tab ataona 456,000. Mistari mingine ni bei2, idadi2, na kuendelea, na chini kabisa sehemu ya jumla kuu yenye =jumla1+jumla2+jumla3.

Hapa watu wengi hukwama sehemu tatu. Ya kwanza, tiki ya "Calculate on exit" huwekwa kwenye jumla. Jumla haiandikwi na mtu, kwa hiyo hakuna anayetoka humo. Tiki ikae kwenye bei na idadi. Ya pili, ukinakili mstari wa kwanza na kuubandika chini ili usirudie kazi, sehemu zinakuja bila majina yake, kwa sababu jina moja haliwezi kukaa mahali pawili. Hesabu ya mistari hiyo itakataa. Fungua kila sehemu uipe jina jipya, lisilo na nafasi na linaloanza na herufi. Ya tatu ni mazoea yetu ya kuandika 38,000/=. Alama ile ya mkwaju na usawa iandike wewe pembeni, nje ya sehemu ya kujazia, ili mteja asishawishike kuiongeza mwenyewe.

Bei zako zisipobadilika kwa wiki kadhaa, ziweke wewe kwenye "Default number" na uondoe tiki ya "Fill-in enabled" ili mteja asiziguse. Kwenye biashara ya vifaa huo ndio ulinzi wenye maana kuliko yote kwenye fomu hii. Tiki ya hesabu ya idadi pekee inatosha basi.

Nikibofya kisanduku inatokea X badala ya tiki, na watu wanajaza Ndiyo na Hapana kwa pamoja. — Muuguzi, Gulu

X ndiyo alama inayokuja na Word. Fungua "Properties" ya kisanduku, mbele ya "Checked symbol" bofya "Change", chagua fonti ya Wingdings na uandike 254 kwenye "Character code", "from" ikiwa "Symbol (decimal)". Utapata kisanduku chenye tiki ndani.

La pili halina dawa kwenye visanduku, kwani kila kimoja kinajitegemea na hakijui mwenzake amebofywa. Swali lenye jibu moja lipe orodha ya kuchagua yenye "Ndiyo", "Hapana" na, kwa maswali ya afya, "Sijui". Visanduku vibakie kwa mambo yanayoweza kuwa mengi kwa pamoja, kama dalili.

Fomu ya Kiswahili imejaa mistari myekundu chini ya kila neno. — Mwalimu wa Kiswahili, Mbale

Word inadhani unaandika Kiingereza kibovu. Kabla ya kufunga fomu bonyeza Ctrl+A, nenda "Review", "Language", "Set Proofing Language", uweke tiki kwenye "Do not check spelling or grammar". Mistari haichapiki, lakini inamfanya mjazaji aamini amekosea jina lake mwenyewe.

Jina la mpangaji linajitokeza mara nne kwenye mkataba wangu wa nyumba. Lazima niliandike mara zote nne? — Dalali, Mbarara

Mara moja tu. Nenda "Insert", "Quick Parts", "Document Property", uchague mali mojawapo usiyoitumia, mathalani "Manager". Usichague "Author", kwani hiyo hujazwa mapema na jina la mwenye kompyuta. Itaingia sehemu ya kujazia. Kwenye "Properties" yake badilisha "Title" iwe "Jina la mpangaji". Inakili sehemu hiyo na uibandike kila jina linapotakiwa. Ukiandika kwenye moja, zote zinabadilika papo hapo. Kwa mwenye nyumba tumia mali nyingine, "Company" kwa mfano. Wewe unajua maana ya majina hayo. Mjazaji haoni ila "Title" uliyoweka.

Sehemu za sahihi ziache zikiwa mistari mitupu ya kalamu, uchapishe nakala mbili. Uganda ina Sheria ya Saini za Kielektroniki tangu 2011, lakini picha ya sahihi iliyobandikwa kwenye Word inaweza kunakiliwa na yeyote anayeipata faili hiyo, na hakuna atakayeona tofauti.

Aliyefunga fomu yetu ameacha kazi na hatujui neno la siri. — Msimamizi wa ofisi, Kampala

Fungua hati mpya tupu, nenda "Insert", kwenye mshale wa "Object" uchague "Text from File", na ulielekeze kwenye fomu ile. Yaliyomo yataingia bila kufuli. Kagua majina ya sehemu na uifunge upya.

Urahisi huo uwape funzo. Kufuli la "Filling in forms" linazuia mkono uliokosea, halizuii jicho wala mwizi. Fomu iliyojazwa NIN, mshahara au ugonjwa wa mtu inahitaji kufuli la kweli: "File", "Info", "Protect Document", "Encrypt with Password". Hilo likipotea hakuna njia ya nyuma, kwa hiyo neno lake lihifadhiwe na watu wawili. Na msiombe taarifa msizozihitaji; Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamdai anayekusanya taarifa za watu achukue zile tu zinazohusika na kusudi lake.

Wanachama wetu wengi wana simu tu. Fomu inafunguka lakini hawawezi kuandika. — Mwenyekiti wa kikundi, Kitgum

Mwenyekiti, hili lilipaswa kuamuliwa kabla ya kuchora mstari wa kwanza. Fomu ya Word iliyofungwa ni chombo cha kompyuta. Kwenye simu mara nyingi hufunguka kwa kusomwa tu, na ukiifungua kufuli watu wanaivuruga kwa vidole. Kuihifadhi kama PDF ndani ya Word hakusaidii, kwa kuwa Word hugeuza sehemu za kujazia kuwa maandishi ya kawaida na PDF inatoka ikiwa picha ya fomu.

Tumia LibreOffice Writer, ambayo hailipiwi. Kwenye menyu ya "Form" washa "Design Mode", chora "Text Box" na "Check Box" mahali pake. Bofya kila moja kwa kitufe cha kulia, chagua "Anchor", "As Character", la sivyo visanduku vitaelea na kuangukia maneno ukirekebisha aya ya juu. Kwenye "Control Properties" kipe kila kimoja jina lake. Visanduku viwe vikubwa kuliko vya kompyuta, urefu wa sentimita 1 au zaidi, na safu iwe moja tu, kwani kwenye skrini ya simu safu mbili humlazimu mtu kuvuta kushoto na kulia. Zima "Design Mode", kisha "File", "Export As", "Export as PDF", uhakikishe tiki ipo kwenye "Create PDF form".

Mwanachama aifungue kwa Adobe Acrobat Reader, isiyolipiwa pia. Vionyeshi vingine vya simu vinaonyesha fomu bila kuruhusu kuandika. Kabla ya kuituma kwa wote, iweke kwenye simu mbili tofauti za bei nafuu, mpe mtu asiyehusika aijaze, airudishe, na uangalie kama alichoandika kimefika. Fomu nyingi hujazwa vizuri na kurudi tupu, kwa sababu mjazaji hakuhifadhi kabla ya kutuma. Kama wanachama wanafika mamia, achana na faili, tumia fomu ya mtandaoni kama Google Forms.

Tumepokea fomu nyingi za Word zilizojazwa. Kuna njia ya kuzipeleka Excel bila kuandika upya? — Mhasibu, Busia

Ipo kwa zile zenye sehemu za "Legacy". Fungua fomu iliyojazwa, nenda "File", "Options", "Advanced", shuka hadi "Preserve fidelity when sharing this document", weka tiki kwenye "Save form data as delimited text file", kisha hifadhi. Itatoka faili ya .txt yenye majibu peke yake kwenye mstari mmoja, yakitenganishwa kwa mkato, kwa mpangilio wa sehemu zilivyo kwenye fomu. Ndiyo maana fomu iliyobadilishwa mpangilio katikati ya zoezi itakuharibia safu zote. Weka faili hizo kwenye folda moja, na kwenye Excel ya 2016 au mpya zaidi tumia "Data", kisha kwenye kitufe cha kuleta data chagua "From File", "From Folder". Itaziunganisha pamoja.

Kabla ya kukubali, bofya "Transform Data" na ubadilishe safu ya simu iwe "Text". Excel nayo hula sifuri ya mbele, na ikishaliwa kwenye orodha nzima utalazimika kuanza upya.